Kujiandaa kwa Siku Mbaya: Waliyojifunza Watu wa Migori na Homa Bay



Siku hizi dunia imejaa watu wanaojiuliza itakuwaje siku kila kitu kitakapokwama: umeme ukatike usirudi, maduka yakauke, serikali ishindwe kumlipa hata polisi. Huko Marekani, katika jimbo la Kansas, matajiri wamenunua makao chini ya ardhi, ndani ya mashimo ya zege yaliyojengwa zamani kwa ajili ya makombora ya nyuklia, wakaweka humo chakula cha miaka. Uingereza, mwaka 2018, profesa Jem Bendell aliandika kwamba mabadiliko ya tabianchi yatazivunja jamii zetu na kwamba hilo haliepukiki tena, na makala yake ikazunguka dunia nzima. Kabla yake, mwaka 1988, mwanaakiolojia Joseph Tainter alichapisha kitabu juu ya kuanguka kwa madola ya kale. Alisema jamii hutatua matatizo yake kwa kuongeza ofisi, vyeo, majeshi na kodi, mpaka inafika mahali ambapo kila nyongeza inagharimu kuliko faida inayoleta.

Nawaheshimu wanaofikiri hivyo, na Tainter nimemsoma kwa makini. Lakini wengi wao wanazungumza kama watu wanaongoja kitu ambacho hakijawahi kufika. Huku kwetu kimekwisha kufika, tena zaidi ya mara moja, na waliokipitia wako hai, wengine wameketi humu ukumbini. Kwa hiyo leo sitawaletea unabii. Nitawauliza watu wa Migori na Homa Bay walijifunza nini, walijifunza vipi, na ni nini katika hayo tunachokaribia kukipoteza.

Nieleze kwanza ninavyolielewa jambo lenyewe. Nikisema jamii inaporomoka sina maana kwamba watu wote wanakufa. Nina maana kwamba kazi ambazo watu walizitegemea kila siku bila hata kuzifikiria, yaani kuzika, kulima, kutibu, kulinda, kufundisha watoto, zinakosa wa kuzifanya. Mwalimu hayupo, na aliyekuwa akifundishwa ashike nafasi yake hayupo pia. Mashamba yapo, lakini anayejua mbegu ipi hupandwa lini amezikwa. Tukilielewa hivyo, kujiandaa ni kuhakikisha kwamba maarifa ya lazima yako mikononi mwa watu wengi, karibu na nyumbani, na yanatumiwa siku za kawaida kabla ya siku mbaya kufika. Nimeishikilia hoja hiyo kwa miaka mingi, na mifano nitakayoitoa ndiyo iliyonishawishi.

Nianze na mawe. Kaskazini magharibi mwa mji wa Migori, mwendo wa kilomita 46 hivi, kuna Thimlich Ohinga. Wengi wenu mmepita pale, na mwaka 2018 UNESCO ililiingiza boma hilo katika orodha ya urithi wa dunia. Yaelekea kuta zake zilianza kujengwa katika karne ya 16. Mawe yamepangwa tu, bila udongo wala saruji, na mahali pengine ukuta unafika kimo cha mita 4 na nusu, unene wake ukiwa mita 1 hadi 3. Mafundi walipanga safu ya nje na safu ya ndani, kisha katikati wakajaza mawe madogo yanayozishika pande zote mbili. Mlango ni mfupi, anayeingia lazima ainame, na mlinzi aliyesimama ndani alikuwa na nafasi ya kumtazama vizuri kabla hajainuka. Ndani kulikuwa na nyumba na mazizi ya ng'ombe. Nje wahunzi walifua chuma. Si boma moja peke yake. Watafiti wamehesabu zaidi ya maboma 500 ya namna hii katika ukanda wetu huu wa kusini mwa Nyanza.

Wageni wakiletwa pale huambiwa habari za wezi wa ng'ombe, maadui na wanyama wakali, na hayo ni kweli. Mimi hunivutia zaidi jambo jingine. Ukuta usio na saruji hauwezi kujengwa ukaachwa. Mvua inanyesha, mbuzi wanapanda, mti unaota kwenye ufa, jiwe linaanguka. Asipokuwepo anayelirudisha mwaka huu, mwakani yataanguka kumi. Kwa hiyo waliokaa mle walikuwa na mafunzo yasiyoisha: kila kizazi kilijua kupanga mawe kwa sababu kila kizazi kililazimika kuyapanga. Tena, wa mwisho kuishi pale hawakuwa wa kwanza. Inaaminika kwamba waliotangulia walikuwa watu wa lugha za Kibantu, kisha Waluo wakaingia, na koo zikapokezana. Ufundi ukavuka kutoka watu hadi watu wengine, lugha ikabadilika, na ukuta ukaendelea kusimama. Hilo ni jambo kubwa. Sisi hudhani urithi hupita kwenye damu. Pale Thimlich ulipita kwenye kazi.

Mwanzoni mwa karne ya 20 watu waliyaacha maboma hayo. Hawakufukuzwa na njaa wala kuangamizwa na vita. Hatari iliyowafanya wajifungie ilipungua, ardhi ikahitajika kwa kilimo, wakatawanyika wakajenga miji yao mmoja mmoja na kuizungushia ua wa ojuok, ule mti wa utomvu mweupe. Kujua wakati wa kuacha kinga ya zamani nako ni maarifa. Jamii nyingi hufa zikiwa zimeshikilia ukuta ambao adui wake alishaondoka. Baadaye mawe yalianza kuporomoka, hata ikabidi mwaka 2000 shirika la World Monuments Fund liweke Thimlich kwenye orodha ya mahali palipo hatarini, na Makumbusho ya Taifa ya Kenya yafanye kazi ya kukarabati. Kilichokuwa kazi ya kila nyumba kikageuka mradi, wenye bajeti na mfadhili. Naomba mkumbuke hilo, maana nitalihitaji mbele.

Kati ya maboma na zama zetu yalipita mengine ambayo nitayagusa tu. Ugonjwa wa malale ulioanzia upande wa Uganda mwanzoni mwa karne iliyopita uliua watu zaidi ya 200,000 huko, ukafika pwani zetu na visiwa vyetu, na bonde la Lambwe likabaki na mbung'o wake kwa miongo mingi. Sehemu ya bonde hilo leo ni Mbuga ya Ruma. Kisha miaka ya mwanzo ya 1930 nzige walikula nchi, njaa ile wazee wakaiita Nyangweso, na baada yake muhogo ukaingia mashambani kwa nguvu, kwa kuwa muhogo unakaa ardhini na nzige hawaufikii mzizi. Anayeudharau muhogo leo na kuuita chakula cha maskini hajui aliokolewa na nini.

Sasa tuelekee Kendu Bay, kwenye ziwa la Simbi Nyaima. Wanajiolojia watawaambia ni shimo la volkano lililojaa maji ya chumvi, na flamingo hutua pale. Masimulizi yetu yanasema palikuwa na kijiji. Bibi kizee mgeni alifika jioni watu wakiwa katika sherehe, akaomba hifadhi, wakamfukuza mlango kwa mlango. Mwanamke mmoja tu alimpokea. Usiku mvua ikashuka, kijiji kikazama, na aliyemkaribisha mgeni alikuwa ameonywa aondoke. Nimesikia watu wakiisimulia kwa watoto kama hadithi ya adabu. Mimi naiona kama nadharia ya kuanguka kwa jamii iliyotungwa na watu wetu wenyewe, na haiko nyuma ya Tainter. Inasema kijiji hakikufa kwa kukosa chakula, maana chakula kilikuwepo, watu walikuwa wanasherehekea. Kilikufa kwa kumfungia mlango mtu dhaifu aliyekuja na habari.

Miaka ya 1990 milango ilifungwa tena, safari hii katika nchi nzima. Mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Kenya alitambuliwa mwaka 1984. Ilipita miaka 15 kabla Rais Moi hajautangaza kuwa janga la taifa, Novemba 1999. Katika miaka hiyo 15 huku kwetu kando ya Ziwa Victoria palitokea mambo ambayo vijana wa leo hawawezi kuyawaza. Kila mwisho wa juma palikuwa na matanga, wakati mwingine matatu katika kijiji kimoja. Waliokufa hawakuwa wazee wala watoto kwa wingi. Walikuwa wenye miaka 25 hadi 40, wanaolima, wanaovua, wanaofundisha, wanaozaa. Turudi kwenye maana niliyoitoa mwanzo: kazi zikakosa wa kuzifanya. Ikiwa hilo halikuwa kuporomoka kwa jamii, sijui tutaliita nini.

Kujifunza kulikuwa kugumu kwa sababu maelezo tayari yalikuwepo. Mtu akikonda, akiharisha, akififia, tulijua jibu: chira. Amevunja mwiko, amepanda au kujenga bila kufuata utaratibu, mjane hajafanyiwa tero. Na dawa ya chira ilikuwa kutimiza mila ile ile, ikiwemo mjane kurithiwa na ndugu wa marehemu, jambo ambalo kwa ugonjwa huu lilikuwa kuutoa nyumba moja kuupeleka nyumba nyingine. Siwalaumu wazee. Chira ilikuwa elimu ya kweli kwa wakati wake. Iliwafundisha watu kwamba mwili wa mmoja unahusiana na mwenendo wa jamaa nzima. Ilikuwa imekutana na kitu kisichokuwa chake. Wanaodhani watu hubadilika kwa kupewa habari tu wangepaswa kuishi hapa miaka ile. Habari zilikuwepo redioni na kwenye mabango. Watu hawakubadilika mpaka walipoona kwa macho.

Na waliona wapi? Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, lilikuwa limeanza kazi Homa Bay mwaka 1996, na Novemba 2001 likaanza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi katika hospitali ya wilaya, bila malipo, wakati ambapo wakubwa wengi duniani walikuwa bado wanasema Waafrika hawataweza kumeza vidonge kwa ratiba. Kisha likatokea jambo lililofundisha kuliko semina yoyote: mtu aliyebebwa kwa machela alionekana miezi michache baadaye akipalilia shamba lake. Jirani alimwona. Mkwe alimwona. Aliyekuwa amekwisha kununua mbao za jeneza alimwona. Maelezo ya zamani hayakushindwa kwa mjadala; yalishindwa na jembe.

Mabadiliko mengine yalidai ujasiri wa aina ya pekee. Waluo hawakuwa na desturi ya kutahiri. Alama ya utu uzima ilikuwa kung'oa meno sita ya chini, nayo ilikuwa imeshaachwa kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Majaribio yaliyofanywa Kisumu na kwingineko yalipoonyesha kwamba tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa kwa asilimia 60 hivi, palikuwa na kila sababu ya kukataa: utambulisho, siasa, matusi tuliyokuwa tumerushiwa kwenye kampeni. Baadhi ya wazee walikataa kweli. Lakini mpango ulipoanza mwaka 2008, jambo likatenganishwa na jando la makabila mengine, likafanywa kuwa huduma ya hospitali, na mamia ya maelfu ya wanaume wa Nyanza wakajitokeza. Sijui mfano mwingine katika zama zetu wa watu kubadilisha kitu cha ndani kiasi hicho, kwa hiari, kwa muda mfupi kiasi hicho. Inapaswa kufundishwa shuleni.

Kisiwani Mfangano walifanya jambo dogo lenye akili sana. Mgonjwa aliwachagua watu wake mwenyewe, ndugu, majirani, rafiki wa kuvua naye, wakawa kikundi kidogo, wakafundishwa pamoja kuhusu ugonjwa na dawa, wakakumbushana siku za kliniki. Watafiti walipolinganisha, waliokuwa kwenye vikundi hivyo walipotea kliniki kwa nadra zaidi kuliko wasiokuwemo. Ona kilichofanyika: maarifa yaliyokuwa kichwani mwa muuguzi mmoja ng'ambo ya maji yaliwekwa vichwani mwa watu kumi wanaokula pamoja. Boti ikikosa mafuta, maarifa bado yako kisiwani.

Upande wa Migori, Kamagambo Kaskazini, vijana wawili ndugu, Milton na Fred Ochieng', walipata nafasi ya kusoma udaktari Marekani, na kijiji kikachanga nauli, watu wakiuza mifugo. Wazazi wao wote wawili wakafa kwa UKIMWI vijana wakiwa masomoni. Zahanati ya Lwala, waliyoianzisha wao, ikafunguliwa mwaka 2007. Hadithi hiyo imesimuliwa sana, hata filamu imetengenezwa, na kawaida husimuliwa kama habari ya mashujaa wawili. Mimi ningependa tuangalie walichofanya baadaye na wanyamrerwa, wakunga wetu wa jadi. Mahali pengi waliambiwa waache kazi, wakaitwa wachawi na wauaji. Lwala waliwachukua, wakawafundisha, wakawafanya wahudumu wa afya ya jamii, wakawalipa, na kazi yao ikawa kumpeleka mja mzito hospitalini badala ya kumzuia. Mwanamke ambaye kijiji kizima kilishamwamini kwa miaka 30 hakutupwa pamoja na chupa zake za mitishamba. Imani ile ilihamishiwa kwenye maarifa mapya.

Basi tuone matokeo. Ndhiwa, kule Homa Bay, mwaka 2012, uchunguzi wa nyumba kwa nyumba ulikuta mtu mzima mmoja kati ya wanne hivi ana VVU, na kati ya hao ni asilimia 40 tu waliokuwa na virusi vilivyodhibitiwa. Uchunguzi uliporudiwa mwaka 2018, waliodhibiti virusi walikuwa asilimia 88. Mwaka huo huo, hesabu ya taifa iliweka Homa Bay asilimia 19.6 ya watu wazima wenye VVU na Migori asilimia 13, juu sana ya wastani wa nchi, ambao ulikuwa 4.9. Bado tulikuwa wa kwanza kwa ugonjwa, lakini tulikuwa tumegeuka kuwa miongoni mwa wa kwanza duniani kwa kujua kuishi nao.

Hapa lazima nisimame niseme jambo lenye uchungu, kwa maana sifa zikizidi huficha deni. Kuna watu waliobeba jengo hili kichwani nao hawamo kwenye takwimu: bibi zetu. Zamani watoto walilala siwindhe, nyumbani kwa bibi, wakafundishwa hadithi, methali, nani ni ndugu na nani si ndugu. Siwindhe ilikuwa imeshakufa kwa shule za bweni na nyumba za mabati. UKIMWI uliifufua kwa njia ya kikatili. Mwanamke wa miaka 70 alijikuta na wajukuu saba, bila mwana, bila ng'ombe, akiuza omena sokoni ili mmoja apate sare. Elimu ya msingi bila karo mwaka 2003 ilimsaidia. Mpango wa serikali wa kupeleka pesa taslimu kwa nyumba zinazolea mayatima, ambao wilaya za Homa Bay, Migori na Suba zilikuwa miongoni mwa zilizotangulia kuupata, ulimsaidia pia, pale ulipomfikia. Lakini kwa sehemu kubwa aliachiwa. Kila nikisikia mkutanoni mtu akisifu ustahimilivu wa jamii zetu, najiuliza anamsifu nani kwa kubeba nini, na ni nani aliyepaswa kumtua mzigo. Ustahimilivu wa bibi usiwe kisingizio cha afisa.

Na kuna hasara ambayo bibi hakuweza kuiziba, nayo tuliiona mwaka 2020. Mwaka huo Ziwa Victoria lilipanda mpaka likapita, kwa kipimo cha Jinja, alama iliyowekwa mwaka 1964. Maji yalimeza fuo, gati, mabanda ya samaki, vyoo, nyumba na makaburi. Kule Nyatike mto Kuja ulivunja kingo, kama ulivyozoea. Mwaka 2024 ziwa likapanda tena. Watu walisema jambo hilo halijawahi kutokea. Lilikuwa limetokea. Mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961 zililijaza ziwa hili hadi mahali pale pale, na waliokuwa watu wazima wakati ule waliona maji yalipofika, wakajua ni wapi si pa kujenga.

Kwa nini basi tulijenga pale? Ardhi imebana, ni kweli, na biashara ya mbuta tangu miaka ya 1980 iliwavuta watu ufukweni. Lakini fanyeni hesabu pamoja nami. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1964 alikuwa na miaka 76 ziwa lilipopanda mwaka 2020. Wachache walikuwa wamebaki. Watoto wao, ambao wangerithi kumbukumbu ile na kuwaambia wanao kwamba hapa ni pa maji, ndio waliokuwa na miaka 25 na 30 UKIMWI ulipokuwa ukiua kwa kasi. Naamini sehemu ya kumbukumbu ya ziwa ilizikwa nao. Siwezi kuipima, ila nimewasikiliza wazee wa fuo nyingi na sina maelezo mengine yanayonitosha. Janga moja liliufuta ujuzi wa kukabili janga jingine. Anayejiandaa kwa mafuriko peke yake, au kwa ugonjwa peke yake, hajaelewa mambo haya yanavyosukumana.

Ndiyo maana napendekeza jambo rahisi lisilohitaji mfadhili: kila ufuo wenye kamati ya usimamizi, ile BMU, uweke nguzo ya zege mahali maji yalipofika mwaka 2020 na 2024, na mwaka 1964 ikiwa yupo wa kuonyesha. Watoto wa shule wapelekwe pale kila mwaka. Nguzo haifi kwa ugonjwa.

Nimefika kwenye mtihani tulio nao sasa. Tarehe 20 Januari 2025, Rais wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Katika majuma machache, watu waliokuwa wakilipwa kwa fedha hizo, makarani wa kumbukumbu, washauri nasaha, akina mama wanaowaelekeza akina mama wengine wenye virusi, walirudishwa nyumbani. Ilipofika tarehe 1 Julai mwaka huo, USAID haikuwepo tena kama shirika lenyewe. Tangu mwaka 2003 Marekani ilikuwa imelipia sehemu kubwa ya vita hivi, na ni haki tuseme asante, maana kuna watu humu walio hai kwa sababu hiyo. Lakini yaliyotokea yalikuwa kama nusu ya pili ya habari ya Thimlich: kazi ya kila nyumba ilikuwa imegeuka mradi, na mradi una tarehe ya mwisho.

Kliniki za VVU sasa zinaunganishwa na huduma za kawaida za hospitali. Kimsingi nakubaliana na hilo; mgonjwa wa VVU anastahili kutibiwa kama mgonjwa mwingine yeyote. Naogopa namna linavyofanywa. Kliniki ile haikuwa dawa tu. Kulikuwa na mtu aliyejua kwamba fulani, mvuvi, amehamia kisiwa cha Remba na atarudi mwezi ukiisha, kwa hiyo apewe dawa za miezi mitatu. Kulikuwa na dada aliyejua ni nani bado hajamwambia mumewe. Hayo hayakuandikwa kwenye mfumo wa kompyuta. Karani akirudishwa kwao, maarifa hayo yanatoka naye kwenye bodaboda. Yale yaliyotokea miaka ya 1990 kwa kifo yanaweza kutokea tena kwa barua ya kusitisha ajira, polepole, bila matanga ya kutushtua.

Hata hivyo hatujakaa mikono mitupu. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini, kila mmoja na mkoba wa vifaa na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Ni pesa kidogo kwa kazi kubwa, na zinapochelewa huwa ni tusi. Lakini hawa wanaishi hapa hapa. Hakuna amri ya rais wa nchi nyingine inayoweza kuwahamisha. Wanamjua mvuvi aliyekwenda Remba kwa kuwa mkewe ni jirani. Waliokuwa washauri nasaha, wakafutwa kazi, wako vijijini vivyo hivyo, na ujuzi wao haujafutwa. Kaunti zetu mbili zingewaorodhesha mwaka huu, kabla hawajaenda Nairobi na Saudia kutafuta riziki, zikawapa kazi ya kuwafundisha wahamasishaji.

Mtindo wa kufundisha tunao pia. Pale Mbita, kwenye kituo cha ICIPE ambacho kinaitwa kwa jina la mwanzilishi wa taasisi hiyo, Profesa Thomas Odhiambo, watafiti tangu miaka ya 1990 walifanya kazi juu ya maadui wawili wa mahindi yetu: funza wa bua na kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mizizi. Walipanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi, na matete kuzunguka shamba. Desmodiamu inamfukuza nondo na kuifanya mbegu ya kayongo iote na kufa. Matete yanamvuta nondo akatage huko nje. Na vyote viwili ni majani ya ng'ombe. Kilichousambaza ujuzi huo kilikuwa mkulima aliyefungua lango la shamba lake ili wenzake waje waone, wavute kayongo kwa mikono yao, waulize, watanie, warudi na vipandikizi. Mama aliyejifunza hivyo hahitaji mradi uendelee ili aendelee kujua. Sioni kwa nini mhamasishaji wa afya afundishwe hotelini kwa picha za ukutani wakati mkulima alifundishwa shambani akaelewa.

Kuna watakaosema nadai mengi kwa kaunti zenye madeni. Kwa hiyo nimalizie na utaratibu. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Katikati yake kuna vikao vya kushirikisha umma, ambavyo Katiba inavitaka, na ambavyo mara nyingi huhudhuriwa na watu waliopewa nauli wafike. Nendeni bila nauli. Kwenye kitabu cha bajeti ya afya tafuteni mstari wa posho za wahamasishaji, muone kama ni wa miezi kumi na miwili au minane. Tafuteni kama kuna shilingi ya kupima wingi wa virusi mwaka ambao mfadhili hatalipa, na kama kuna nafasi za kazi kwa wale waliofutwa. Mwakilishi wa wadi akisema hayo ni mambo ya wataalamu, mwambieni mtaalamu wa miaka 25 ya ugonjwa huu yuko mbele yake, amevaa leso, ana wajukuu saba, na ana swali.

Sasa nitapokea maswali yenu, na ningependa tuanze na akina mama.